Siku Mama Alipoketi Mstari wa Mbele

Mama yangu alimpa Zadock mkono, mbele ya watu, mchana kweupe, na hapo nikajua nimekwisha.

Mtu wa kutoka kwingine atauliza ubaya uko wapi. Mama ametoka Bungoma, ameshuka basi pale karibu na River Road, amemkuta mwanaume wa binti yake amekuja kumpokea, amemsalimia. Si ni adabu? Basi acha nieleze, maana nimechoka kuwaeleza majirani mmoja mmoja. Kwetu Wabukusu, mama mkwe na mkwe wake hawapeani mikono. Hawaketi chumba kimoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaiacha njia mpaka mwenzake apite. Hiyo ndiyo heshima yenyewe, na kadiri mnavyokimbiana ndivyo mnavyoheshimiana. Najua makanisa yamelegeza mambo, na najua kuna akina mama siku hizi wanaopiga picha wamekumbatiana na wakwe zao. Mama yangu Peres si mmoja wao. Mume wa dada yangu Ivyne alipofika nyumbani bila kutoa habari, mama alitoka kwa mlango wa jikoni akaenda kuketi katikati ya mahindi mpaka yule bwana akamaliza chai yake na kwenda zake, na mvua ilikuwa inanyesha.

Kwa hiyo mama alijua anachofanya, na Zadock, aliyelelewa kwa desturi ile ile, pia alijua. Alikuwa amesimama mbali, nyuma ya rundo la magodoro ya kuuzwa, amenituma mimi peke yangu kwenye basi, ameinamisha kichwa jinsi inavyotakiwa. Mama akanikabidhi kuku wake na mfuko wa unga, akapita katikati ya mikokoteni, akamfuata kule kule alikojificha, akanyoosha mkono. "Habari yako, kijana," akasema. Zadock akaficha mikono nyuma. Mama hakuuondoa wa kwake. Watu wakaanza kutazama, na mwishowe mwanaume wangu, ambaye nimemwona akila makonde bila kupepesa, akautoa mkono umelegea, macho chini, akaguswa vidole. Mama akamkagua usoni bila haraka, jinsi mtu anavyomkagua fundi aliyekuja kuomba kazi.

Maana yake ilikuwa wazi kwetu sote watatu. Wewe si mkwe wangu. Wewe ni mtu tu niliyemkuta steji ya basi.

Sababu niliijua, nayo ilikuwa video. Mjomba wangu Jackton, ambaye tangu anunue simu kubwa hana kazi nyingine, aliipata kwenye kundi fulani la WhatsApp akaizungusha kijiji kizima. Ni ya zamani, kabla sijamjua Zadock. Ilichukuliwa hapo hapo River Road, mbele ya duka la mabomba. Zadock anamwangusha makanga mmoja wa matatu, makanga yuko chini, ameshika kichwa, na Zadock bado anampiga. Watu wanashangilia. Mama aliitazama mpaka mwisho, akairudia, kisha akauliza kama huyo ndiye.

Sitamtetea sana Zadock wa ile video. Alikuja Nairobi na shati alilovaa, akavuta mkokoteni wa saruji na mabati pale River Road, na pale ukiwa mpole mizigo inaenda kwa mwingine. Akazoea kupigana. Halafu akapenda kupigana, hilo amekiri mwenyewe. Jumapili jioni vijana wa Kangemi walikuwa wanakutana kwenye uwanja nyuma ya soko, wanaleta mbabe wao na wengine wanaleta wao, na mbabe wa Kangemi alikuwa yeye. Walimwita Mkokoteni. Wazazi walikuwa wanawaita watoto ndani akipita, na yeye alidhani hiyo ni sifa.

Aliyemtoa huko ni Mungai. Mungai alikuwa bondia enzi zake, na familia yake ina ploti Kangemi tangu wakati wa babu, kwa hiyo ana nyumba za kupangisha na muda mwingi wa kusumbua vijana. Alimtazama Zadock Jumapili moja, na badala ya kumsifu akamwambia, "Wewe unapigana kama mtu anaibiwa." Maneno hayo yalimkaa Zadock kichwani wiki nzima. Alipokwenda kumtafuta Mungai kwenye ukumbi wake wa mabati, alifikiri atapewa glavu. Alipewa kamba ya kuruka. Miezi ikapita hajaruhusiwa kumgusa mtu, anafundishwa tu miguu iende wapi. Baadaye akapigana mapambano ya ridhaa, akashinda mengi, akapewa leseni ya ngumi za kulipwa. Siku hizi asubuhi yuko Hurlingham, anawafundisha watu wa maofisini kupiga begi ili wapunguze tumbo, na wanamwita mwalimu. Mimi nilimjua alipoleta kitambaa chekundu kwenye kibanda changu cha ushonaji sokoni, akitaka bukta ya ulingoni. Nilimshonea ikambana, akarudi, nikairekebisha, akarudi tena ingawa sasa ilikuwa sawa.

Basi ndiyo hivyo. Nikapata mimba, habari ikafika nyumbani, na mama akaja.

Kangemi nina chumba kimoja. Zadock hakuthubutu kulala humo mama akiwemo, akachukua blanketi akahamia kwa Mungai. Mama aliona anavyofungasha, akamwambia akae, chumba ni kikubwa, mbona anakimbia? Alimwambia hivyo akimtazama usoni. Zadock alitoka kinyumenyume akagonga bega kwenye mlango. Nilitamani kumwambia mama aache, lakini mama yangu haambiwi aache.

Jioni hiyo tukiwa tunakula alinieleza mpango wake kwa sauti ya kawaida, kama anayesema bei ya sukari. Jumapili tutapanda basi wote wawili. Nitajifungulia nyumbani, na mtoto atahesabiwa wa ukoo wetu. Wazee hawatapokea mahari kutoka kwa huyo mwanaume, kwa sababu hakuna anayemjua. "Mjukuu wangu hatazaliwa kwa mtu anayepiga watu barabarani wakiwa chini," akasema, akaniongezea mboga.

Mtaniambia mimi ni mtu mzima, ningekataa. Jirani yangu Nzisa aliniambia hivyo hivyo, na nikamjibu vibaya mpaka leo naona haya. Ningekataa, ndiyo. Ningebaki Nairobi na Zadock, na tungeishi. Lakini mama akisema hamjui mtu, ukoo mzima haumjui. Zadock hangekanyaga kwetu. Mtoto wangu angekuwa na baba ambaye kwa bibi yake hana jina. Na Zadock hana mama, hana baba, alilelewa na shangazi aliyefariki, na kitu alichokuwa anakitaka kuliko mkanda wowote wa ubingwa ni nyumba ya watu ambao wangeona haya kumtazama. Usicheke. Aliniambia hivyo, na nilijua anamaanisha.

Nilipoona mama amemaliza, nikafungua mdomo ambao ungefaa kushonwa. Nikasema Zadock siyo wa barabarani tena, ngumi sasa ni kazi yake, ina leseni na daktari na refa, na Jumamosi hii ana pambano mjini, raundi sita, la kwanza kubwa. Nikasema na wakuu wa chama cha ngumi watakuwepo. Nilikuwa najisifu, ukweli usemwe.

Mama akaweka kijiko chini. Akasema basi atakwenda aione hiyo kazi.

Nilijaribu kila njia. Nikasema ni mbali, nikasema kuna kelele, nikasema ni mambo ya wanaume. Mwisho nikasema lile lililonibana, kwamba Zadock anapigana kifua wazi, amevaa bukta tu, na mama mkwe hawezi kumwona mkwe wake hivyo, si Bungoma wala Nairobi.

"Mkwe ni nani?" mama akauliza.

Sikulala vizuri tena wiki ile. Mtoto tumboni alikuwa anageuka kila nikilala ubavu, na kila akigeuka nilimwona Zadock akianguka. Kwenye kibanda nilishona mkono wa kushoto wa blauzi mahali pa kulia, nikafumua, nikarudia kosa lile lile. Mteja akaniuliza kama naumwa.

Ijumaa Zadock alipita hapo akitokea Hurlingham. Alipojua mama bado anakuja, akakaa kwenye kile kibao cha wateja na kuweka kichwa mikononi.

"Eve, hiyo siwezi," akasema. "Nipande pale na kifua wazi, mathe yako amekaa hapo ananicheki? Hiyo ni laana. Afadhali nisipigane."

Nikamwambia asipopigana atakuwa amethibitisha kwamba hana kazi.

"Na nikipigana akiniona, si ni kusema mimi si mtu wenu?"

Cherehani nikaisimamisha. Nilimwonea huruma mpaka nikakasirika. Akaniambia alikwenda kwa Mungai kuomba apigane na fulana. Mabondia wa ridhaa huvaa fulana, si ajabu, alikuwa nayo sandukuni. Mungai alicheka mpaka akakohoa. Akamwambia, "Vest? Wewe ni pro sasa. Hiyo ni ya watoi wa shule." Zadock alijaribu kumweleza kuhusu mama mkwe, na Mungai, Mkikuyu wa watu, akasikiliza kwa makini yote, akaelewa jambo moja tu, kwamba mama mkwe anakuja. Akasema hilo ni jambo kubwa, atalishughulikia mwenyewe.

Alilishughulikia kweli. Jumamosi mchana tulipofika kwenye ukumbi, hapo mjini karibu na maduka ya kuchapisha kadi, Mungai alikuwa anatusubiri mlangoni amevaa koti. Akamshika mama mkono, akamwita mama yetu, akampitisha katikati ya umati mpaka mstari wa mbele kabisa, mahali pa wageni wa heshima, kiti chenye kitambaa cheupe. Mtu angenyoosha mkono angeugusa ulingo. Mungai alinikonyeza kama mtu aliyenifanyia hisani ya mwaka. Nilitaka kumpiga na kiti hicho hicho.

Mama akaketi, akakunja leso yake mabegani, akaweka mkoba magotini. Mimi nikakaa kando yake. Pambano la kwanza likaisha, la pili likaisha. Halafu wakaita jina la Quincy Ochola, kijana mrefu anayepigana kwa mkono wa kushoto, akapanda akirukaruka. Kisha wakamwita Zadock.

Alikuja amevaa joho lake, kofia imeshuka hadi puani. Sikuona hata macho. Alipanda, akaenda moja kwa moja kona ya mbali, akasimama ametupa mgongo. Refa akaita wakutane katikati, akaenda na joho. Mungai akamfungua, yeye akalishika. Wakavutana kidogo, watu wakacheka, wakidhani ni mbwembwe. Joho lilipotoka Zadock alijikunja mabega, mikono mbele ya kifua, mwanaume mzima wa misuli amesimama pale kama mtu aliyefumaniwa anaoga.

Kengele ikalia.

Sijui kama umewahi kuona mtu akipigana huku anajificha. Ulingo una pande nne, na Zadock alitumia nusu tu. Quincy akisogea huku kwetu, Zadock hakumfuata. Quincy akimzungusha ili uso wake utuelekee sisi, Zadock alijipindua ampe mama mgongo, na akijipindua anaacha ubavu wazi. Quincy si mjinga. Alishtuka kwanza, kisha akagundua kwamba kuna mahali mwenzake hataki kwenda, na akaanza kumsukuma huko. Kila akimsukuma, Zadock anashusha kichwa, na kila akishusha kichwa anapokea. Niliusikia ule mlio wa glavu kwenye mbavu, nikaushika mkono wa kiti.

Mungai alikuwa anapiga kelele aiache kona. "Zunguka, Zadock, zunguka, nini mbaya na wewe?" Hakujua kwamba jambo baya amelipanga yeye mwenyewe kwa mikono yake, na kitambaa cheupe juu.

Raundi ya pili Zadock akaanguka. Sikuona konde, nilikuwa nimefumba macho, nilisikia tu mbao zikilia na ukumbi mzima ukivuta pumzi. Nilipofumbua alikuwa amepiga goti, damu kwenye nyusi, na hata hapo, Mungu wangu, alikuwa ameinamisha uso upande mwingine. Akaamka. Refa akamtazama macho, akaruhusu waendelee. Nilimwambia Mungu kimoyomoyo kwamba nitapanda hilo basi la Jumapili, nitakaa kimya njia yote, lakini huyu mtu ashuke pale akiwa anajua jina lake.

Nikamgeukia mama nimwombe atoke nje. Nilikuwa tayari kupiga magoti. Alikuwa anatazama, shingo imenyooka, midomo imebanwa, sikuweza kusoma kitu.

Raundi ya tatu Quincy alikanyaga maji yaliyomwagika kwenye kona, mguu ukateleza, akaenda chini kwa mikono na magoti. Kichwa kilikuwa wazi kabisa, hapo hapo mbele ya Zadock. Kuna watu nyuma yetu waliopiga kelele ammalize, nadhani ni watu wa Kangemi, walimjua Mkokoteni. Zadock akarudi nyuma hatua mbili tatu, akashusha mikono, akasubiri refa amfute mwenzake glavu.

"Mbona hakumpiga?" mama akauliza. Ilikuwa mara ya kwanza kusema tangu aketi.

Nikamwambia mtu akiwa chini hapigwi. Akatikisa kichwa polepole. Akasema kwenye simu ya Jackton alimpiga. Nikasema ndiyo, mama, kwenye simu alimpiga, sikudanganyi.

Quincy akarudi na hasira ya aibu, akampeleka Zadock tena kwenye kamba za upande wetu. Zadock akafumba. Nasema kweli, alifumba macho, akageuza uso begani, na makonde yakaingia moja baada ya jingine mpaka akafanikiwa kuponyoka na kukimbilia kona yake ya mbali. Ukumbi ukamzomea. Mtu mmoja akasema huyu ameogopa, arudi akavute mkokoteni.

"Kwa nini haji upande huu?" mama akauliza.

Nilikuwa nalia kwa hasira, na nikamjibu kwa sauti ambayo sijawahi kumjibia mama yangu.

"Kwa sababu wewe uko upande huu."

Kengele ikalia, Zadock akaketi kwenye kigoda chake, mgongo kwetu, maji yanammiminikia kichwani na kushuka yakiwa mekundu. Mama aliutazama huo mgongo. Nafikiri ndipo alipoelewa kwamba tangu siku ile ya magodoro, alipokuwa anamnyima mtu huyu jina la mkwe, mtu huyu alikuwa hajaacha hata mara moja kumpa yeye lake la mama mkwe.

Akasimama. Nikadhani anaondoka, nikashika mkoba wangu. Lakini mama alitoa leso mabegani, akajifunika kichwa na uso wake mpaka kidevuni, akakamata kile kiti chenye kitambaa cheupe kwa mikono miwili, akakigeuza. Miguu ya kiti ilikwaruza sakafu. Kisha akaketi, mgongo kwa ulingo, uso kwa umati wa watu, mstari wa mbele kabisa.

Watu wakamshangaa. Mwanaume mmoja wa chama akaja kuuliza kama mama anajisikia vibaya, kama damu imemtisha, aletewe soda. Nilikuwa namtazama Zadock. Mungai alikuwa anamfuta nyusi na kumfokea, na Zadock akageuza kichwa, kwa wizi tu, kama anavyochungulia mtu asiyetaka kuonekana. Akauona mgongo wa mama na ile leso. Alitulia hivyo, mdomo wazi. Mungai akamsukumia mdomoni kile kipande cha kukinga meno, na nikaona mabega yake yanashuka, yale aliyokuwa ameyakunja tangu avuliwe joho.

Kengele ya raundi ya nne ilipolia alivuka ulingo wote. Alikuja huku kwetu, upande wetu, akamkuta Quincy bado anajiweka sawa.

"Nekesa," mama akaniita kutoka chini ya leso. Nekesa ni jina langu la nyumbani. "Mkwe wangu anafanya nini?"

Nilibaki namtazama yeye, si ulingo. Akarudia, kwa ukali kidogo, akisema hawezi kutazama, sasa nani atamwambia. Basi nikajifuta uso, nikaanza kumwambia. Mimi niliyekuwa nafumba macho, nilitazama kila kitu, kwa sababu mama alitaka kila kitu. Nikamwambia amempiga tumboni. Nikamwambia sasa wameshikana, refa anawaachanisha. Sasa amepigwa, hapana, hakuanguka. Mama akauliza kama damu imezidi. Nikasema imepungua, na hapo nilidanganya. Sasa huyo mrefu anarudi nyuma, mama, anarudi nyuma. Mama akapiga goti lake kwa ngumi ndogo, akasema, "Amfuate basi, anangoja nini?" Wale watu wa mstari wa pili, waliokuwa wanatazamana na mama uso kwa uso, wakaanza kucheka, lakini mmoja wao, mzee wa Kibukusu kwa lafudhi, aliwanyamazisha. Yeye alikuwa ameelewa.

Raundi tatu za mwisho zilikuwa za Zadock, hata Quincy hangekataa. Lakini zile za kwanza zilikuwa zimekwisha kupotea, na kuanguka kunahesabiwa. Wote wawili wakasimama katikati, refa amewashika mikono, na mkono ulioinuliwa ukawa wa Quincy, kwa pointi.

Mama akauliza wamempa nani. Nikamwambia wamempa yule mwingine.

"Hao majaji hawaoni," akasema mama, ambaye hakuwa ameona kitu.

Kisha akaniambia, bado amejifunika, kwamba Jumapili atasafiri peke yake. Nibaki nimtunze huyo mtu na nyusi zake. Yeye atafika nyumbani awaambie wazee wajiandae, kuna wageni watakuja, na Jackton afute ile takataka kwenye simu yake. Alisema hivyo kwa sauti ile ile ya bei ya sukari. Nikaegemea bega lake nikalia, na hakunikataza.

Watu walianza kutoka. Nikamwambia twende. Mama akakataa. Akasema mkwe apite kwanza, hawezi kuinuka akutane naye mlangoni, itakuwa aibu. Nikageuka kumtafuta Zadock. Alikuwa ameshashuka ulingoni, amesimama upande wa pili wa ukumbi, amejifunika joho lote na taulo kichwani, uso ukutani, na Mungai anamvuta mkono aende akashonwe nyusi. Nikaenda kumuuliza kwa nini hatoki. Akasema kwa midomo iliyovimba kwamba hawezi kupita mbele ya mama, mama atangulie.

Nikarudi kwa mama nikamwambia. Mama akasema hapana, yeye atangulie, ameumia. Nikaenda, nikarudi. Mungai akaniuliza hawa watu wamegombana nini tena. Ukumbi ukabaki mtupu, na hao wawili kila mmoja ameutazama ukuta wake, kila mmoja anamsubiri mwenzake aondoke, na mimi katikati yao nacheka huku nalia, mpaka mfagiaji akaja kuuliza kama anaweza kuchukua kile kiti.